Bledi namba ngapi? Kabla hujaagiza za kujifungia spinabeti zako, pitia hapa

Kwanza tuelewane, beti hii sio ile ya mkeka wa mpira. Spinabeti ni chambo bandia cha kuvulia besi (wale samaki wanaoitwa bass): kichwa cha madini ya risasi chenye ndoana, sketi ya nyuzi za silikoni, alafu kuna waya umekunjwa unapita juu ya ndoana na huko juu ndo zinaning'inia bledi, vile vibati vinavyozunguka na kumetameta ukivuta. Mi navulia huku Texas, mara nyingi bwawa la Lake Fork, na nilianza kujifungia zangu kwa sababu za dukani bledi anakuchagulia mtu ambae hajui we unavua maji gani. Kama uko Kenya na unaendaga Naivasha haya yanakuhusu pia, besi wako pale tangu 1929, walitolewa hukuhuku Marekani.

Sasa kosa la karibu kila anaeanza ni kuchagua bledi kwa macho, kwamba kubwa inang'aa basi italeta mkubwa. Hamna. Bledi kubwa inakamata maji mengi, inakivuta chambo juu na inakulazimisha uende polepole, ndogo inakata maji, inakuacha ushuke chini na uvute haraka. Kwa iyo unaanza na uzito wa kichwa na mwendo unaotaka, namba ya bledi inakuja baadae. Mimi fungu langu la kwanza lilikuwa Colorado (bledi za mviringo, nazieleza hapo chini) namba 6, pisi 50, bei chee, nikazifunga kwenye vichwa vya robo wakia (wakia moja ni kama gramu 28) nikajiona fundi. Kurusha tu, chambo kinalala ubavu, nikiongeza spidi kinazunguka chenyewe kama pia, mshipi umejisokota mpaka nikaukata. Zile bledi bado ninazo, mwanangu anachezea. Na kama bado unadhani chambo kikubwa ndo kinaleta mkubwa, kwa taarifa yako besi wa rekodi ya Texas, pauni 18.18, alitoka hapohapo Lake Fork Januari 1992 na jamaa aliempata alikuwa anatafuta krapi, samaki wengine wadogo kuliko besi, kwa kisamaki hai kidogo tu.

Shepu ziko 3 za kujua. Colorado ni ya mviringo kama kijiko cha supu kilichokatwa mpini, hiyo inatetema sana mpaka unaisikia mkononi. Wilo ni nyembamba ndefu kama jani la mwembe, inamulika kuliko inavyotetema na inapenya kwenye majani bila kukusanya uchafu. Indiana iko katikati, kama tone la maji. Alafu namba sio inchi! Wilo namba 4 ukiiweka juu ya Colorado namba 4 wilo inazidi kwa urefu, na kiwanda na kiwanda wanapishana kidogo, kwa iyo namba isome pamoja na shepu, na duka likiandika vipimo kamili fuata vipimo.

Haya, kwa mpangilio wangu, ya kununua kwanza mpaka ya kusubiri.

1. Wilo 4 na nusu nyuma, Colorado 3 mbele, kichwa cha wakia 3/8

Kama hela inatosha seti moja tu, ni hii, usihangaike. Ya nyuma ndo bosi, ndo inayofanana na shad, hao ni kama dagaa wa huku, besi wanawala sana. Ya mbele kazi yake ni kuongeza mtetemo na kukishika chambo kisizame haraka. Ukipandisha kichwa kuwa nusu wakia, ya nyuma panda mpaka 5, ya mbele iache hapohapo 3. Watu wanaharibu hapa, wanaweka mbele 4 au 5 ili "kelele ziwe nyingi", kumbe bledi ya mbele ikiwa kubwa inayavuruga maji kabla hayajafika nyuma, ya nyuma inabaki inatingishika tu haizunguki. Na nafasi pia, weka shanga za kutosha kati yao mpaka ncha ya ile ya mbele isiguse ya nyuma inapozunguka. Mi kabla sijaenda ziwani nakivuta kwenye sinki la bafuni polepole kabisa, ile spidi ambayo bledi ya nyuma inagoma ndo naijua, ikigoma mapema nashusha namba ya mbele.

2. Colorado 5, moja tu peke yake

Hii ni ya maji ya matope na usiku. Besi haoni kitu lakini mtetemo anausikia kwa ule mstari wa ubavuni, na hapa ndo Colorado inawashinda wote. Namba 5 kwa wakia 3/8, namba 6 kwa nusu wakia, usizidishe. Mwezi wa 2 na wa 3 maji ya Texas yakiwa bado baridi na besi wanasogea kwenda kutaga, naiburuza karibu na chini, mbio za konokono, napita pembeni ya ile miti iliyozama (Fork imejaa miti, walianza kujaza bwawa 1980 miti mingi wakaiacha humohumo). Rodi, yaani fimbo ya kuvulia, iwe ngumu kidogo, maana Colorado 6 inavuta kama umefunga ndoo. Ukiwa na bledi moja mkono wa juu wa waya unaweza kuukata mfupi, chambo kikishuka inazunguka vizuri kama helikopta.

3. Wilo mbili, 4 mbele na 5 nyuma, nusu wakia

Maji safi, upepo upo, unataka kuvuta haraka. Haina mtetemo wa maana ila mwanga wake ni balaa. Ukitaka kushuka zaidi peleka kichwa robo tatu ya wakia bila kugusa bledi, wengi wanaongeza vyote viwili kwa pamoja alafu wanashangaa chambo kiko palepale juu.

4. Colorado 2 mbele na wilo 3 nyuma, robo wakia

Hii ya vidimbwi vya mitaani na vibwawa vya bustani za kupumzikia. Samaki wadogo wengi, na siku ngumu ambazo wakubwa wamenuna inaokoa jahazi. Kwa anaevua bwawa la nyuma ya nyumba tu, hii ipande iwe namba 1 yake.

5. Indiana 4

Sio mbaya. Sijawahi kukaa nikasema leo bila Indiana siendi, basi.

6. Colorado 7 na 8

Subiri. Mpaka uwe na vichwa vya robo tatu au wakia nzima, na uwe umeshajua kweli unavua usiku.

Rangi sitaki tubishane: fedha kwa maji safi na jua, dhahabu kwa maji yenye rangi ya chai au mawingu, nyeupe au ile njano-kijani kali kwa matope.

Ila sehemu ya kumwaga hela sio bledi kabisa, ni swiveli ya nyuma, kile kiungo kinachoishika bledi na kuiacha izunguke. Lazima iwe ya bolibearingi, yenye vigololi ndani. Zile za bei rahisi ukivuta haraka zinazunguka vizuri unaona umeokota, ukipunguza mwendo zinakwama, na bledi isiyozunguka ni kipande cha bati tu. Bledi ya mbele inakaa kwenye kibano cha umbo la U, na kibano lazima kiendane na bledi, kikiwa kidogo inabanwa haizunguki yote. Waya nao: unene wa inchi 0.035 unatosha robo wakia mpaka 3/8, ukienda nusu na bledi za 5 kwenda juu chukua 0.040, la sivyo samaki wa kwanza wa maana anakunyooshea.

Urefu wa mkono wa juu ukiwa na bledi mbili, pima ya nyuma ifike usawa wa ndoana. Ikipita sana samaki anagonga bledi anaikosa ndoana, na utakuwa unasema walikuwa wanadonoa tu.

Oda ya kuanzia ningefanya hivi: wilo 4 na nusu pisi 25 za fedha, Colorado 3 pisi 25, Colorado 5 pisi 10 za dhahabu, swiveli nyingi kuliko bledi za nyuma maana zinachoka kabla ya bledi, na vichwa vya 3/8 ambavyo vimeshamiminwa na waya wake, kuyeyusha risasi ndani ya nyumba yenye watoto achana nako. Ukifunga ya kwanza ikawa inainamia upande mmoja usikimbilie kubadilisha bledi, angalia kwanza waya wa juu kama uko sawa na ndoana, kwangu mara nyingi huwa ni huo.