Pampu ya hewa ya kuchaji: kabla hujanunua, ipeleke kwenye ndoo

Umeme ukikatika Dar es Salaam, samaki wa mapambo hawafi kwa baridi. Hufa kwa kukosa hewa. Maji ya nyuzi 30 hayabebi oksijeni zaidi ya miligramu 7.5 hivi kwa lita, wakati ya nyuzi 20 hufikia 9. Kwa hiyo ule ushauri unaotolewa, wa kufunika tangi kwa blanketi umeme ukikatika ili maji yasipoe, waachiwe wenye majira ya baridi. Huku ni kuziba hewa tu.

Pampu za akiba ziko za aina tatu. Ile ya betri kubwa za tochi ni imara na haina mambo mengi, ila lazima mtu awepo kuiwasha. Ya USB inayochomekwa kwenye pawabenki ni nafuu na ina kasoro hiyo hiyo. Ya tatu ina betri ndani, inakaa kwenye soketi muda wote na kujiwasha yenyewe umeme ukikatika. Kwa mtu anayeshinda kazini, hii ya tatu ndiyo ya kununua.

Usiijaribu kwenye glasi. Mwambie muuzaji aichomeke, azamishe mpira wenye jiwe la hewa (lile lenye matundu linalogawa hewa kuwa mapovu) hadi chini ya ndoo ya lita 20 iliyojaa, kisha azime swichi ya soketi. Ijiwashe bila kuguswa na mapovu yapande mfululizo. Baadhi ya zinazochemka vizuri kwenye glasi hunyamaza zikifika kina hicho, kwa sababu mota yake haina nguvu ya kusukuma uzito wa maji. Jiwe lenye matundu madogo sana huzidi kuibana.

Swichi hiyo hiyo ndiyo mtego nyumbani. Anayefagia akizima soketi asubuhi, pampu itadhani umeme umekatika. Itafanya kazi mchana kutwa, na usiku ukikatika kweli betri imekwisha. Funika swichi kwa utepe wa gundi. Na usiichomeke kwenye soketi inayopata umeme wa inveta, ile inayoendelea kutoa umeme wa betri, maana haitajua kabisa kwamba umeme umekatika.

Saa zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za kupuliza kwa vipindi. Hesabu mwenyewe: betri ya mAh 2,400 yenye volti 3.7 ina wati-saa 9 hivi, basi pampu ya wati 1 haitavuka saa 8 au 9. Pawabenki ya mAh 10,000 ina wati-saa 37, na baada ya upotevu zinabaki kama 25, yaani karibu siku nzima kwa pampu hiyo hiyo. Tahadhari: baadhi ya pawabenki hujizima zikiona mzigo ni mdogo, hasa pampu ikiwa kwenye vipindi. Iache ifanye kazi saa moja kabla ya kuiamini. Betri ya ndani nayo huchoka kwa joto na kwa kushinda imejaa, hivyo mara moja kwa mwezi iache iishe kabisa ukiwa na saa mkononi.

Kinachosahaulika dukani ni valvu ya kuzuia maji yasirudi. Pampu iliyo chini ya usawa wa maji ikizimika, maji hushuka kwenye mpira hadi kwenye mota, na kutoka hapo hadi sakafuni. Ipulize valvu hiyo kwa mdomo kabla ya kuifunga: hewa ipite upande mmoja tu.

Badala ya jiwe, mpira huo ufunge kwenye filta ya sponji iliyokwisha kukaa tangini wiki sita hivi. Hapo unawapa hewa samaki pamoja na bakteria wanaosafisha amonia. Beta na gurami hupumua hewa ya juu na watavumilia. Samaki wa dhahabu, na wale wa Ziwa Tanganyika na Nyasa, hawana subira hiyo. Wote wasipewe chakula hadi umeme urudi.

Ila pampu hii haiokoi filta ya kopo lililofungwa. Ikisimama saa kadhaa, bakteria wa ndani hukosa oksijeni na maji yake huoza. Chomoa waya wake umeme ukiwa bado haujarudi, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.