Kujiandaa kwa Mbio za Kupanda Mlima na Kuruka Nikiwa Mombasa: Tathmini ya Mafunzo ya Wiki 12

Kisiwa cha Mombasa hakina mlima, na mtu akiambiwa kwamba hapa kuna mafunzo ya kujiandaa kwa mbio za paraglaidingi (kuruka kwa bawa la kitambaa lisilo na injini) za milimani hushangaa kwanza kabla ya kuuliza bei. Nami nilishangaa vivyo hivyo, kisha nikajiandikisha, nikayasoma hadi mwisho, kuanzia katikati ya Novemba hadi mwanzoni mwa Februari, nikiyaunganisha na kazi yangu ya ukarani bandarini. Kwa kuwa nitaeleza mazuri yake pamoja na kasoro moja iliyonitia hofu, sitayataja kwa jina wala sitamtaja mwalimu; wapenzi wa mchezo huu hapa pwani ni wachache na watayatambua wenyewe.

Kwa asiyeufahamu mchezo, mshiriki wa mbio hizi huruhusiwa kusafiri kwa njia mbili tu: kwa miguu yake, na kwa bawa la paraglaida ambalo hulibeba mgongoni pale asipoweza kuruka nalo. Mashindano yenye sifa kubwa kuliko yote ni Red Bull X-Alps, yaliyoanza mwaka 2003 na ambayo hufanyika kila baada ya miaka miwili katika milima ya Alps. Tangu mwaka 2013 njia yake imezidi kilomita 1,000, na Mswisi Chrigel Maurer aliyashinda mara nane mfululizo, kuanzia 2009 hadi 2023. Sheria yake moja ilinivutia kuliko hadithi za ushindi: kwa kawaida washiriki hulazimika kupumzika kuanzia saa nne na nusu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Walioitunga walijua kwamba mtu aliyechoka huweza kuendelea kutembea kwa muda mrefu baada ya akili yake kuacha kufaa kwa kuruka. Sisi tulikuwa tukijiandaa kwa mbio ndogo za siku mbili au tatu, lakini uchovu ni ule ule, na mafunzo yote ya wiki 12 yalijengwa juu ya jambo hilo.

Ada ilikuwa shilingi 95,000, bila nauli, chakula wala malazi, na sharti la kuingia lilikuwa mtu awe ameshajifunza kuruka na awe na safari zake za peke yake angani. Sharti hilo nalisifu. Kumfundisha mtu kuruka na kukimbia mlima kwa pamoja ni kumtwisha mizigo miwili kabla hajaujua hata mmoja.

Wiki nne za mwanzo zilikuwa ufukweni Nyali, Jumamosi kwa Jumamosi, na ratiba ilipangwa kwa kufuata maji: tulikutana maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, wakati mchanga unapokuwa mpana na mgumu. Kazi yetu ilikuwa kuliinua bawa na kulituliza juu ya kichwa bila miguu kuondoka ardhini, kwa upepo wa kaskazi unaoingia alasiri kutoka baharini bila kupita juu ya nyumba wala miti, kwa hiyo ni upepo laini, usio na mikunjo. Anayedhani kwamba zoezi hilo ni mchezo wa watoto ajaribu kulifanya kwa saa tatu huku amebeba kilo 10 mgongoni. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nikihisi upande unaotaka kulegea kupitia vidole kabla ya kuuona kwa macho. Tulitumia mabawa makuukuu ya mwalimu, na jambo hilo ni la busara, kwa sababu mchanga huingia katika vyumba vya bawa na kuusaga ukingo wake wa mbele, nayo chumvi na jua hukichosha kitambaa. Kila jioni tuliyasuuza kwa maji baridi na kuyaanika kivulini. Aidha, mmoja wetu aliwekwa zamu kuwaangalia watoto na ngamia wanaotembezwa ufukweni, kwani ngamia akishtuka kwa bawa linaloinuka ghafla huweza kumwangusha aliyempanda, na aliyempanda mara nyingi ni mtoto.

Mazoezi ya miguu yalianza kwa ngazi za majengo ya ghorofa alfajiri, kabla ya joto kupanda, na sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa kwamba yanachosha moyo kuliko magoti. Faida kubwa ilipatikana Taita. Tulikwenda mara mbili kwa matatu hadi Voi. Mara ya kwanza tukapanda Vuria, wenye urefu wa mita 2,208, na mara ya pili Kasigau, wenye mita 1,641, ambao husimama peke yake katikati ya tambarare na kilele chake kimefunikwa na msitu wenye ukungu. Huko hatukuruka hata kidogo, na mwalimu alilisema hilo waziwazi tangu siku ya kwanza: mlima wenye msitu hadi juu hauna mahali pa kupaa, na anayelazimisha hutafuta ajali. Kasigau palikuwa darasa la kuusoma upepo.

Somo hilo mwalimu alilifundisha kwa lugha ya mabaharia, na sijapata kulisikia likielezwa vizuri zaidi. Mlima, alisema, utazame kama jahazi: una upande wa goshini unaopigwa na upepo, na upande wa demani uliojificha nao. Goshini hewa hugonga mteremko ikapanda, ikambeba mrukaji. Demani hewa iliyovuka kilele huporomoka na kujiviringa, na bawa linaloingia humo hukunjika kama tanga lililokosa upepo, tena karibu na mawe. Hatari ni kwamba mtu aliyesimama demani huhisi utulivu usoni mwake, akadhani siku ni njema. Alituketisha hapo kwa saa nzima tukitazama vipande vya ukungu vikivuka kilele na kuchanika upande wa pili, hadi kila mmoja wetu akaweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo hewa inageuka.

Wiki ya 11 tulikuwa Kerio, kwenye ukingo wa Elgeyo karibu na Iten, katika mwinuko wa takriban mita 2,400. Mtu wa pwani hupata adhabu mbili huko. Ya kwanza ni ya pumzi, nayo kila mtu huitarajia. Ya pili ni ya bawa lenyewe: kwa kuwa hewa ni nyepesi, bawa hulazimika kwenda kasi zaidi, kwa takriban asilimia 12, ili libebe uzito ule ule, kwa hiyo bawa linalokwenda kilomita 36 kwa saa pale Nyali hukaribia kilomita 40 kwa saa kule juu. Umbali wa kukimbia ili kupaa huwa mrefu zaidi, na atakayejaribu kutua kwa mazoea ya ufukweni atashangaa jinsi ardhi inavyomjia. Mwalimu alitukimbiza kwa bawa kwenye uwanja tambarare siku nzima kabla hajaturuhusu kuukaribia ukingo.

Ratiba ya kila siku ilikuwa kuruka mapema, kutua bondeni mbali na miiba, kisha kuupanda tena mteremko kwa miguu na mzigo wote. Siku ya nne tulianza kupanda saa kumi na mbili asubuhi, nami nikafika juu saa nne na nusu nikiwa nimeyamaliza maji yangu na mapaja yakinitetemeka. Nililitandaza bawa, nikazikagua kamba, nikavaa hanesi, yaani kiti chenye mikanda kinachomshika mrukaji, nikafunga mkanda wa kifua. Mwalimu alikuja akasimama mbele yangu.

“Kaka, umefunga nini na nini?”

Nilimjibu kwamba nimefunga kila kitu. Hakubishana nami. Aliniambia niiguse kila bizimu kwa kidole na kuitaja kwa sauti, moja baada ya nyingine. Nikagusa ya kifuani, nikaitaja. Nikagusa ya paja la kulia, nikaitaja. Mkono ulipofika paja la kushoto ulikuta mkanda ukining'inia wazi.

Wanaouzoea mchezo huu wanajua maana yake. Asiyefunga mikanda ya miguu hunyanyuliwa na bawa kama kawaida, kisha huteleza ndani ya hanesi na kubaki akining'inia kwa makwapa, hawezi kuketi na pengine hawezi hata kuzifikia vizuri breki, yaani vishikio vya kuliongozea bawa, huku bawa likimpeleka mbele kutoka ukingoni. Baadhi ya hanesi zimeundwa ili mkanda wa kifua usiweze kufungwa peke yake. Hanesi nyingi nyepesi za mbio zimepunguziwa vitu ili kuokoa gramu, na yangu ilikuwa ya namna hiyo. Nilikuwa nimefunga mikanda ya namna hiyo mamia ya mara. Siku hiyo nilikuwa na kiu, nimechoka, na nilikuwa nimeona wageni wawili wakipaa mbele yangu.

“Leo unateremka kwa miguu,” alisema, kwa upole, kama mtu anayemwambia nduguye avue viatu mlangoni.

Nilikasirika kwa muda, kisha nikateremka. Nilipokuwa katikati ya njia niliona kisulisuli kikiinuka bondeni na kulibeba vumbi jekundu juu ya miti ya mgunga, karibu kabisa na uwanja wetu wa kutua. Jioni nilipokitazama kitabu chake cha alama nilikuta siku ile imeandikwa kuwa imefuzu. Katika mafunzo haya mwanafunzi hapewi cheti mpaka awe ameamua yeye mwenyewe, angalau mara moja, kulikunja bawa lililokwisha kutandazwa na kuteremka kwa miguu. Mimi nilikuwa nimeamuliwa, kwa hiyo nilidaiwa uamuzi wangu, nikaulipa siku ya sita mawingu yalipoanza kurefuka kwenda juu. Kuhusu mawingu hayo tulisimuliwa mkasa wa Ewa Wiśnierska, mrukaji wa Ujerumani ambaye tarehe 14 Februari 2007, karibu na Manilla nchini Australia, alivutwa na wingu la radi hadi mita 9,946 na akapona, ilhali mrukaji wa China aliyenaswa na mawingu hayo hayo siku ile alifariki.

Sasa nije kwenye kasoro. Hanesi niliyotumia Kerio niliazimwa na mafunzo, na ndani yake mlikuwa na parachuti ya akiba, ile inayorushwa kwa mkono bawa likishindikana kabisa. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 12491 huitaka parachuti hiyo isimshushe mtu kwa kasi inayozidi mita 5.5 kwa sekunde, sawa na kuruka chini kutoka urefu wa mita moja na nusu. Miguu huweza kuvunjika, lakini mtu huishi. Hayo yote hutegemea ifunguke upesi, na watengenezaji hushauri ifunguliwe na kukunjwa upya kila baada ya miezi sita hadi 12. Tuliporudi Mombasa niliomba tuifungue yangu, tukafanya hivyo kwenye sakafu ya ukumbi wa shule moja Tudor. Vimpira vinavyoshikilia mikunjo ya kamba vilikuwa vimeyeyuka kwa joto na unyevu wa pwani, vimegeuka kama ulimbo, na viwili vilikuwa vimegandia kambani hata ikabidi tuvikwangue kwa ukucha. Nilikuwa nimeruka na kifurushi hicho juu ya bonde kwa siku kadhaa. Pengine kingefunguka, lakini neno pengine halina nafasi katika kitu hicho. Mwalimu hakutafuta kisingizio, alikiri kwamba hakuwa na kumbukumbu ya tarehe ya mwisho ya kukifunga, na parachuti zote za kuazimisha zikafunguliwa siku hiyo hiyo. Hata hivyo, aliyetufundisha kugusa kila bizimu alipaswa kuligundua jambo hilo kabla ya mwanafunzi.

Upungufu wa pili ni kwamba hakuna mazoezi ya kulifanya bawa likunjike angani kwa makusudi na kulirejesha, mazoezi ambayo hufanyika juu ya maji, mrukaji akiwa na jaketi la kuokolea na boti ikimsubiri chini. Wengi hudhani bahari yetu ingetosha, lakini maji peke yake hayatoshi. Huhitajika kimo kikubwa juu yake, kama ilivyo katika ziwa la Annecy nchini Ufaransa au Ölüdeniz nchini Uturuki, ambako mlima Babadağ umesimama kando ya bahari. Mafunzo yanakiri kwamba somo hilo ni la lazima kabla ya mbio, ila hukiri katika wiki ya nane. Gharama ya safari ya namna hiyo inapaswa kutajwa siku ya kulipa ada.

Kuhusu uokoaji, maelezo yalikuwa ya kweli na bila kupakwa asali. Uswisi helikopta za shirika la uokoaji la Rega humfuata majeruhi mlimani. Kerio utabebwa na wenzako na wanakijiji hadi barabarani, na hata ndege ya AMREF Flying Doctors kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, huhitaji kiwanja cha kutua. Bima yangu ya matibabu ilikuwa imeiondoa michezo ya angani kwa sentensi moja iliyofichwa ukurasa wa mwisho, na kama si mwalimu kututaka tuzilete bima zetu na kuzisoma kwa sauti, nisingejua.

Namshauri kujiunga mtu mwenye uzoefu wa kuruka, mwenye magoti mazima, na aliye tayari kulipia safari za Taita bila kupaa hata mara moja. Anayetafuta picha za kupendeza angani asipoteze pesa zake hapa. Kundi lijalo limepangwa kuanza Novemba, kaskazi ikianza kuvuma. Nilipita wiki iliyopita kurudisha hanesi, nikaona kwamba kila moja sasa imeshonewa kadi nyeupe chini ya mfuko wa parachuti, yenye tarehe ya kufungwa na sahihi mbili, moja ya mwalimu na moja ya mwanafunzi aliyeshuhudia. Kwenye ile niliyoitumia mimi, sahihi ya pili ni yangu.