Kifaa kipi cha mazoezi kwa mwani, ngalawa na ngoma: mwongozo wa mnunuzi wa Bagamoyo

Muuzaji atakutajia kwanza idadi ya michezo iliyomo kwenye saa. Usinunue kwa hesabu hiyo. Michezo iwe 40 au 150, kufunga mwani Mlingotini na kucheza mdundiko hutavikuta humo. Uliza mambo mawili: kihisio cha mapigo ya moyo kinakaa wapi mwilini, na kifaa kinarekodi kazi isiyo na jina?

Sababu ni hii. Ule mwanga wa kijani chini ya saa husoma damu inayopita chini ya ngozi. Ukikamata kasia kwa nguvu, misuli hukaza, damu hupungua kwenye kifundo cha mkono, na saa huanza kuhesabu mtikisiko wa mkono badala ya moyo. Unahema, yenyewe inasema 90.

1. Polar Verity Sense. Kwa mwani na kasia tunaiweka mbele bila kusita. Ni kihisio cha mkanda, huvaliwa juu ya kiwiko, mbali na vidole vinavyofunga kamba. Inahimili maji kwa kiwango cha mita 50 na ina kumbukumbu yake yenyewe. Hilo la kumbukumbu ni kubwa, kwani mawimbi ya Bluetooth hayapiti majini. Kifaa kinachotegemea simu iliyoachwa ufukweni kitapoteza rekodi. Wengi hukosea kwa kuiacha ikirusha mapigo kwenye simu. Bonyeza kitufe uihamishie kwenye hali ya kurekodi, uhakikishe taa imebadilika, ndipo uingie majini. Baadaye fungua Polar Flow, programu yake ya simu, badilisha aina ya mchezo na uandike maelezo: "mwani, bamvua". Haina skrini wala GPS.

Mkwezi wa minazi naye achukue hii, aivae upande wa nje wa mkono. Saa ya kifundoni na mkanda wa kifuani vyote vitasuguana na mti.

2. Garmin Instinct 2. Inamfaa anayetaka njia ya ngalawa ichorwe kwenye ramani. Ina vitufe vitano, na baharini hiyo ni faida kubwa: skrini ya kugusa hujibonyeza yenyewe ikipata matone. Inahimili maji kwa 10 ATM, yaani kiwango cha mita 100. Bonyeza kitufe cha GPS, chagua Add, kisha Other, uipe kazi yako jina. Kwenye mwani zima GPS. Mkono ukizama, mawasiliano na setilaiti hukatika na saa hukuandikia mwendo ambao hukwenda. Mapigo wakati wa kupiga kasia bado yatayumba, hivyo mwenye uwezo aiunganishe na Verity Sense.

3. Xiaomi Smart Band 9. Ni ya bei nafuu, 5 ATM, chaji hadi siku 21. Mchezaji ngoma, wakiwemo wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, itamtosha, maana kiganja chake hakijakamata kitu. Aivae vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo, ibane bila kuumiza. GPS hutegemea ya simu. Hatua zake usiziamini: ukikuna nazi umekaa kwenye mbuzi, nazo zitahesabiwa.

4. Polar H10. Mkanda huu wa kifuani husoma umeme wa moyo, na kwa usahihi unazipita zote tatu. Mpiga ngoma anunue huu, kwa kuwa kila pigo la mkono huvuruga kihisio cha kifundoni. Lowesha sehemu zinazogusa ngozi kabla ya kuvaa. Tumeuweka mwisho kwa sababu mawimbi ya bahari huuteremsha.

Kalori za kazi zisizo na jina zikague mwenyewe: zidisha MET (kipimo cha uzito wa kazi ukilinganisha na kupumzika) kwa kilo zako kwa saa ulizofanya. Kasia la wastani la kayaki ni MET 5, basi mtu wa kilo 70 kwa dakika 45 ni kama kilokalori 262.

Dukani usikubali IP68 pekee, alama ya kuzuia vumbi na maji, kwa kazi ya baharini. Taka 5 ATM au zaidi. Hesabu mapigo shingoni kwa sekunde 30, zidisha mara mbili, ulinganishe na kifaa. Kisha panda ngazi urudie. Nyumbani suuza kwa maji yasiyo na chumvi kila utokapo baharini, na ukaushe kabisa vile vichuma vya kuchajia. Ukichaji vikiwa na chumvi, vitaliwa na kutu.