Jason Isbell: uanzie albamu ipi?

Anayetaka kumjua Jason Isbell, mwimbaji na mpiga gitaa wa Alabama, Marekani, asianzie enzi zake kwenye bendi ya Drive-By Truckers. Kwenye Decoration Day (2003) magitaa matatu yanasukumana, na nyimbo alizotunga ni mbili tu, ingawa ule uliobeba jina la albamu ni moto kweli. Anzia Southeastern (2013): sauti iko mbele, ala hazimfuniki, kila neno linasikika. The Nashville Sound (2017), akiwa na bendi yake ya 400 Unit, inataka spika zenye nguvu.

Foxes in the Snow (2025) ni yeye na gitaa moja, Martin 0-17 la 1940 la mbao ya mahogani, kazi ya siku 5 studio New York. Usiisikilize kwa spika ya simu: mlio mzito wa mbao hupotea, ukabaki mkwaruzo wa nyuzi. Vaa hedifoni.