Haikuwa gesi: uzoefu wangu wa kubadilisha hita ya friji

Miezi minne sasa friji yetu haijatusumbua, na ndiyo maana naandika leo. Nilisubiri kwa makusudi, kwa sababu hitilafu iliyonipata ina tabia ya kudanganya. Unatengeneza mahali ambapo hapajaharibika, friji inapona siku nane au tisa, unashukuru Mungu, kisha tatizo linarudi lilelile.

Ni friji ya milango miwili, friza juu, aina ile isiyojaza barafu kutani (no-frost) ambayo baridi yake husambazwa na feni. Ina miaka saba. Mama yangu ana kisukari, na insulini yake ambayo haijafunguliwa hukaa humo. Inatakiwa iwe kati ya nyuzi 2 na 8. Yeye ndiye aliyegundua. Aligusa kisanduku chake akaniita, "Mwanangu, hebu njoo ushike hapa. Hii kweli ina baridi?" Nikashika, baridi hamna. Kipimajoto kikasoma nyuzi 14, na huku friza ya juu bado inagandisha kama kawaida. Insulini tukaihamishia kwa jirani saa hiyohiyo.

Fundi niliyemwita alisikiliza kompresa inavyonguruma, akagusa mabomba ya nyuma, akasema gesi imeisha. Akajaza. Friji ilikuwa imekaa siku mbili ikimsubiri, imechomolewa, milango wazi, na hilo sikulitilia maanani. Ilipowashwa ikapoa vizuri kabisa. Siku ya nane joto likarudi.

Hapa nawaomba mnisikilize, maana ndipo wengi tunapopoteza hela. Gesi ya friji hailiwi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa miaka nenda miaka rudi, na ikipungua basi kuna mahali panavuja. Anayejaza gesi bila kutafuta panapovuja hajatengeneza kitu. Friji yangu haikuponywa na gesi. Iliponywa na zile siku mbili za kuzimwa, kwa sababu barafu iliyokuwa imejificha ndani ilipata nafasi ya kuyeyuka yote.

Barafu hiyo niliiona kwa macho yangu nilipochomoa plagi, nikafungua skrubu za ukuta wa nyuma ndani ya friza na kuutoa ule mfuniko wa plastiki. Koili ya baridi, yenye vibati vyembamba vya alumini vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, haikuonekana. Palikuwa na bonge moja jeupe kutoka juu hadi chini, limefika mpaka kwenye panga za feni. Ile sauti ya kukwaruza tuliyokuwa tukiisikia usiku ilikuwa ya panga zikigusa barafu. Hewa haikuwa na pa kupita kushuka chini, kwa hiyo friza iliendelea kuganda huku sehemu ya chini ikichemka. Na barafu yenyewe ilikuwa imeenea sawasawa koili nzima. Gesi ikiwa pungufu, kwa kawaida barafu hushika kipande tu cha koili pale gesi inapoingilia, kwingine kunabaki pakavu.

Friji za aina hii huyeyusha barafu zenyewe. Kila baada ya saa kadhaa kompresa inasimama, hita iliyo chini ya koili inawaka, barafu inageuka maji, maji yanapita kwenye tundu mpaka kwenye kibeseni kilicho nyuma karibu na kompresa, na joto la kompresa linayakausha. Kwenye friji yangu kazi hiyo ina watu watatu: hita, bimetali, yaani swichi ndogo inayoruhusu umeme pale tu koili inapokuwa ya baridi sana, na fyuzi ya joto inayokata umeme hita ikizidisha. Wote wako kwenye njia moja ya umeme. Akikatika mmoja, hakuna kinachoyeyuka.

Nilichukua mita ya mkononi ya kupimia umeme nikapima bimetali juu ya meza. Kimya, umeme haupiti. Nikasema nimempata mwizi, nikaagiza mpya, nikaifunga. Siku ya tisa friji ikarudia. Nilichokuwa sikijui ni kwamba bimetali nzima, ikiwa kwenye joto la chumba, ndivyo inavyotakiwa kuwa: imekata. Inaunga ikipata baridi kali tu. Nilichukua ile ya zamani, nikaifunga ndani ya mfuko wa plastiki, nikaizamisha kwenye kikombe cha barafu iliyosagwa na chumvi. Dakika chache baadaye ikatoa "tik" ndogo na mita ikalia. Ilikuwa nzima muda wote. Fyuzi yenyewe hupimwa bila baridi, na ya kwangu ilipitisha umeme vizuri.

Ikabaki hita. Kibandiko chake kilisema wati 150 kwa volti 230. Ukizidisha 230 kwa 230 na kugawanya kwa 150 unapata omu 353 hivi (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na hita nzima ingesoma karibu na hapo. Yangu haikusoma chochote. Nilipoisogeza kwenye taa nikaona ndani ya kioo waya umekatika, na pembeni yake doa jeusi la moshi, dogo kama punje ya mtama.

Kununua hita nako kuna somo lake. Muuzaji wa kwanza aliniuzia anayoiita ya friji zote. Ilikuwa fupi kuliko nafasi yake, wati zake hazikuandikwa popote, na kioo chake kilikuwa cha tabaka moja. Ya kwangu ya asili ni bomba la kioo ndani ya bomba jingine, na haikuwekwa hivyo kwa urembo: friji yangu inatumia R600a, gesi inayoshika moto, kwa hiyo sitaki hita ya kubahatisha karibu na mabomba yake. Nilimrudishia, akakataa kuipokea. Haikufungwa na haitafungwa. Ya pili niliiagiza kwa namba kamili ya modeli, ile iliyo kwenye kibandiko ndani ya friji, ukutani upande wa chini. Ilikuja na urefu uleule, wati zilezile, kioo maradufu, na soketi yake ikaingia bila kukata waya hata mmoja. Niliipima kabla ya kuifunga: omu 349.

Kwa kipuri hiki natoa nyota nne kati ya tano. Moja naizuia kwa sababu kilifika bila karatasi yoyote ya maelezo, na vibanio vya kukishikilia havikuwemo. Nikatumia vya zamani, ambavyo bahati nzuri vilikuwa vizima. Kazi ya kufunga ilichukua kama dakika arobaini. Kuyeyusha barafu ndiko kulikonichosha, nusu siku nzima, kwa mabakuli ya maji ya moto na subira. Tafadhali msichokonoe kwa kisu wala bisibisi. Mabomba ya koili ni ya alumini laini, ukitoboa moja gesi inatoka na hapo ndipo utakapohitaji kweli fundi wa gesi. Mwagia pia maji ya uvuguvugu kwenye tundu la kutolea maji hadi uyaone yakitokea kibesenini, maana langu lilikuwa limeziba kwa barafu.

Usiku wa pili baada ya kuiwasha nilikaa jikoni nikisubiri. Kompresa ikanyamaza. Baada ya muda nikasikia kutoka ndani ya friza "tsss", kimya, "tsss" tena, matone yakidondokea hita ya moto. Sauti hiyo sikuwa nimeisikia kwa miezi.

Niliweka glasi ya maji yenye kipimajoto kwenye rafu ya katikati na kuandika namba kila asubuhi. Siku ya nane ilisoma nyuzi 4. Siku ya tisa, 4. Mama alisema tungoje kidogo tena, na alikuwa na haki. Siku ya kumi na mbili nilikwenda kwa jirani kuchukua kile kisanduku, nikakiweka rafu hiyohiyo ya katikati, mbali na matundu ya hewa ya nyuma, kwa kuwa insulini ikiganda nayo imeharibika. Mama akaja, akafungua mlango, akakishika kwa muda mrefu, kisha akaufunga taratibu.