Moduli za shaba za gigabiti 10: uliza wati kabla ya kuuliza bei

Ukiishika mkononi, moduli ya SFP+ (ya kuchomeka kwenye poti ya swichi ya mtandao) yenye tundu la RJ45 (la kebo ya kawaida ya mtandao) ni kibati kidogo tu. Upande mmoja una ulimi wenye meno ya dhahabu, upande wa pili una tundu la kebo, na mbele kuna kikono cha kuichomolea. Ndani ya kibati hicho imebanwa chipu ambayo kwenye swichi ya kawaida ya RJ45 ingepewa kipoza joto chake na nafasi ya kupumua. Hapa haina hata kimoja. Chipu inakula umeme, umeme unageuka joto, na karibu kila lalamiko linalotolewa kuhusu moduli hizi linaanzia hapo. Kwa hiyo tathmini hii inaanza na wati. Kasi imeandikwa kwenye lebo tayari, wala haibishaniwi.

Poti ya SFP+ ilibuniwa ikitarajia moduli ya wati 1, au wati 1.5 kwa daraja la pili. Moduli ya faiba ya masafa mafupi inakaa humo bila taabu. Moduli za 10GBASE-T (gigabiti 10 kwa kebo ya shaba) za kizazi cha kwanza hula kati ya wati 2 na 3, yaani zaidi ya kile ambacho poti iliahidi kubeba, hata mara mbili au tatu. Za karibuni, zenye chipu mpya, zimeshuka hadi karibu wati 1.5 hadi 2 zikiwa kwenye kebo fupi. Tofauti hiyo ya wati moja inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini zipange moduli nne za zamani bega kwa bega na utakuwa umeweka wati 8 hadi 12 kwenye eneo la vidole vichache, nyuma ya kibati kisicho na upepo wake.

Joto likizidi, moduli haifi kwa kishindo. Dalili ya kwanza ni kiungo kinachoanguka na kuinuka, hasa mchana au trafiki inapopanda. Baadaye hesabu ya makosa ya CRC (pakiti zilizofika zikiwa zimeharibika) huanza kupanda polepole, kisha moduli inapotea kabisa kwenye orodha ya swichi hadi uichomoe na kuirudisha. Mtu hubadilisha kebo, hubadilisha poti, hubadilisha hata kadi ya seva, na kila mara inaonekana tatizo limeisha kwa sababu moduli imepata dakika tano za kupoa. Jirani naye huumia: moduli ya faiba iliyo ubavuni mwa mbili za shaba inaweza kuvuka nyuzi 70, ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha bidhaa za daraja la kibiashara.

Dawa ni kuacha poti moja wazi kati ya moduli na moduli. Kwenye swichi zenye poti za ghorofa mbili, usiweke ya juu na ya chini kwenye safu wima moja. Soma maelezo ya mtengenezaji wa swichi kuhusu idadi ya moduli za 10GBASE-T zinazoruhusiwa kwa wakati mmoja. Wengi wameiandika, na baadhi hutaja hata poti zipi. Swichi isiyo na feni ichukue moja, labda mbili zilizo mbali, na zaidi ya hapo tafuta njia nyingine. Unapoichomoa moduli iliyokuwa kazini, shika kikono, si kibati. Inaunguza kweli.

Jambo dogo ambalo picha za dukani hazionyeshi: kichwa cha RJ45 hutokeza nje ya tundu la swichi na huwa kinene kuliko moduli ya faiba. Kwenye poti za ghorofa mbili safu moja hukaa kichwa chini, na klipu ya kebo inaweza kuelekea kwenye moduli jirani mahali ambapo kidole hakipiti. Ukishajaza raki, kuchomoa kebo moja kutakulazimu kutumia bisibisi bapa.

Sasa masafa. Kiwango cha 10GBASE-T kilipitishwa mwaka 2006, nacho kinasema mita 100 kwenye kebo ya Cat6a. Cat6 ya kawaida hufika hadi mita 55 hali ikiwa nzuri, na hushuka hadi mita 37 hivi kebo zikifungwa pamoja kwa wingi, kwa sababu kelele ya kebo jirani huingia. Lakini moduli nyingi za SFP+ zimeandikwa mita 30, na hapo watu hukosea. Mita 30 ni kikomo cha moduli, si cha kebo. Mtengenezaji amepunguza nguvu ya chipu ili joto livumilike, na Cat6a hata iwe nzuri kiasi gani haitairudisha nguvu hiyo.

Hesabu njia nzima. Mita 2 kutoka swichi hadi pachi paneli, mita 24 ukutani, mita 5 kutoka tundu la ukutani hadi kompyuta: jumla 31. Kiungo hicho kinaweza kuwaka na kufanya kazi wiki nzima, kisha kikaanza kuangusha pakiti siku ya joto. Kwa njia ya namna hiyo nunua moduli ya mita 80 au 100. Kinachoshangaza wengi ni kwamba hizi za masafa marefu mara nyingi ndizo zenye chipu mpya, hivyo ukiziweka kwenye kebo fupi hula umeme kidogo kuliko zile za mita 30 za zamani. Usisome masafa peke yake. Soma safu ya wati kwenye karatasi ya vipimo, na kama muuzaji hana namba hiyo, pita.

Kebo nayo iwe shaba tupu. Kebo za alumini iliyopakwa shaba huuzwa zikiwa na maandishi ya Cat6 ubavuni, na kwa gigabiti 1 kwa umbali mfupi zinaweza kukupa moyo. Kwa gigabiti 10 zitakuangusha. Unapofunga vichwa mwenyewe, usifumue jozi za nyaya zaidi ya milimita 13. Ule msokoto ndio kinga yake, na kwa gigabiti 10 milimita chache za nyaya zilizonyooka hupitisha kelele kutoka jozi moja hadi nyingine.

Moduli za gigabiti 1, yaani SFP za 1000BASE-T, ni rahisi zaidi. Hula karibu wati 1, hufika mita 100 kwenye Cat5e, na joto lake si habari. Mtego wake uko kwingine. Nyingi huuzwa kama za 10/100/1000, lakini kasi hizo tatu hupatikana tu kama poti ya swichi inaongea na moduli kwa SGMII, njia ya mawasiliano kati ya poti na moduli. Poti isiyojua SGMII itabaki kwenye gigabiti 1 pekee. Kwa hiyo kamera ya zamani, printa au kadi ya usimamizi ya UPS yenye kasi ya megabiti 100 ikichomekwa hapo, taa haiwaki, na moduli hulaumiwa bure. Tena, hakuna moduli ya SFP ya aina hii inayopitisha PoE, yaani umeme kupitia kebo ya mtandao. Kamera inayotegemea umeme wa kebo inahitaji poti halisi ya PoE au kifaa cha kuingiza umeme katikati.

Moduli za 10GBASE-T zinazotangaza 2.5 na 5 zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapa tatizo halionekani kwa macho. Nyingi upande wa swichi hubaki kwenye gigabiti 10 daima. Upande wa kebo zinaweza kuwa zimekubaliana na kompyuta kwenye gigabiti 2.5. Swichi haijui, inamimina pakiti kwa gigabiti 10 kwenye mdomo wa chupa, na moduli ina hifadhi ndogo sana ya kuzishikilia. Zinazozidi hutupwa. Matokeo yake ni kwamba kupakua faili kutoka seva kunasuasua, huku kupakia kukienda vizuri, nayo swichi ikionyesha kiungo safi cha gigabiti 10. Kama moduli yako inatumia fremu za kusimamisha (ujumbe wa kuiambia swichi isubiri), washa udhibiti wa mtiririko kwenye poti hiyo na hali itabadilika mara moja. Kama haitumii, itumie kwa gigabiti 10 tu. Karatasi ya vipimo isiyogusia jambo hili isikushawishi kwa orodha yake ndefu ya kasi.

Usishtuke pia kiungo kikichelewa kuwaka. Chipu za pande mbili hupimana kebo kabla ya kuanza kazi, na hilo huchukua sekunde kadhaa. Anayechomoa na kuchomeka upya kila baada ya sekunde mbili anaanzisha zoezi upya kila mara.

Kuhusu kukubalika na swichi: kila moduli ina kumbukumbu ndogo inayoeleza jina la mtengenezaji, aina na namba ya toleo. Swichi za baadhi ya chapa huisoma na kufunga poti zikikuta jina geni. Wauzaji wazuri huandika kumbukumbu hiyo kulingana na chapa utakayotaja, basi taja chapa na toleo kamili la swichi wakati wa kuagiza, si jina la familia tu. Kwenye Linux, kadi za Intel zinazotumia draiva ya ixgbe zina kigezo allow_unsupported_sfp=1, na Cisco wana amri service unsupported-transceiver. Zote mbili zinasaidia kwenye maabara. Kwa mtandao wa kazi ni afadhali moduli iliyoandikwa sawasawa, maana msaada wa kiufundi huishia pale wanapoona amri hizo. Moduli nyingi za 10GBASE-T hujitambulisha kama faiba ya SR (ya masafa mafupi) ili zikubalike, kwa hiyo ukiona swichi inataja SR mahali uliweka RJ45, hakuna kilichoharibika.

Baada ya yote hayo, kwa kazi ya ndani ya raki moja moduli ya RJ45 haifai kununuliwa kabisa. Nunua kebo ya DAC: vichwa viwili vya SFP+ vilivyounganishwa kiwandani na waya wa shaba, bila chipu ya kutafsiri katikati. Ile isiyo na umeme ndani hula sehemu ya kumi ya wati hivi. Ucheleweshaji wake ni mdogo mno, wakati 10GBASE-T huongeza takribani mikrosekunde 2 hadi 3 kwa ajili ya usimbaji wake. Kwa faili za kawaida hutaona tofauti. Kwa hifadhi ya pamoja na hifadhidata zinazoulizana maelfu ya mara kwa sekunde, utaiona.

DAC isiyo na umeme ya gigabiti 10 hununuliwa hadi mita 5, na baadhi hufika 7. Zaidi ya hapo kuna zenye vikuza mawimbi, lakini faiba huwa imeshakuwa chaguo bora. Tazama unene wa waya: namba ya AWG ikiwa 30, waya ni mwembamba, unakunjika vizuri na unafaa mita 1 hadi 3. Ikiwa 26 au 24, ni mnene na mgumu. Kebo nene ya mita 5 isiyofungwa kwenye nguzo ya raki huning'inia na kuvuta kichwa chake chini, na baada ya miezi michache mguso unalegea. Ifunge sentimita 15 kutoka kwenye poti, na usiikunje kwa pembe kali nyuma ya kichwa. Ikiwa seva na swichi ni za chapa tofauti, agiza DAC ambayo kila kichwa kimeandikwa kwa chapa yake. Wauzaji wanaojua kazi hawataiona kuwa ombi geni.

Jambo moja la usalama: DAC inaunganisha chasisi mbili kwa chuma. Ndani ya raki iliyowekwa ardhi vizuri hakuna shida. Kati ya raki zinazolishwa na mifumo tofauti ya umeme, au kati ya majengo mawili, tumia faiba.

Kwa gigabiti 25 na kuendelea, shaba maana yake ni DAC. Kiwango cha 25GBASE-T kipo tangu mwaka 2016, kwa kebo ya Cat8 na mita 30, lakini bidhaa zake ni adimu kiasi kwamba si busara kupanga mtandao ukizisubiri. DAC za SFP28 (za gigabiti 25) hufika mita 3 kwa urahisi, na mita 5 ikiwa urekebishaji wa makosa wa RS-FEC umewashwa. Hapa pande mbili lazima zikubaliane: swichi ikiwa na RS-FEC na kadi ikiwa haina, kiungo hakiwaki kamwe, na kebo nzima hurudishwa dukani bila kosa. Kagua kwa amri ya Linux ethtool --show-fec kabla ya kulaumu. Za QSFP28 za gigabiti 100 nazo huhitaji RS-FEC na hufika mita 5. Kebo za kugawanya, gigabiti 100 upande mmoja na vichwa vinne vya 25 upande wa pili, ni nzuri sana, ila hakikisha swichi inaruhusu poti hiyo kugawanywa. Kwenye baadhi, ukigawa moja, poti jirani inazimwa.

Moduli ya RJ45 ya gigabiti 10 basi ina nafasi moja ya haki: kufikia kebo ya shaba iliyokwisha kuzikwa ukutani, au kifaa chenye RJ45 pekee. Kwa hilo chukua yenye chipu mpya, ya mita 80, isiyozidi wati 2, na ikiwezekana inayoripoti joto lake.

Siku moduli inapokufikia, ipime kabla muda wa kurudisha haujaisha. Ichomeke na kebo ndefu kuliko zote utakayotumia, majirani wake wakiwa mahali pao. Soma ethtool -m. Joto likionyeshwa, liandike. Endesha iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, na -t 3600 --bidir, saa nzima pande zote mbili, halafu soma joto tena na uangalie hesabu za makosa kwa ethtool -S. Kwenye kebo nzima na moduli iliyopoa vya kutosha, makosa ya CRC yanatakiwa kubaki sifuri. Yakiwa matatu, yaangalie tena saa inayofuata. Yakiwa yamepanda, ondoa moduli jirani na urudie. Hesabu ikisimama, kosa ni joto, na poti hiyo iache wazi.