Laki moja Gerezani kwa anayeanza kutengeneza visu: kipi kinalipa na kipi kisubiri

Niseme mapema kabisa, kama upo Dar na una laki moja mkononi na unataka kuanza kutengeneza visu, hela hiyo inatosha, ila itatosha kama utaanzia kwenye tupa, kile chuma chenye meno cha kusugulia kwa mkono, na siyo kwenye grainda ya umeme. Hapo ndipo wengi wanapotofautiana na mimi na sina tatizo na hilo, lakini nimenunua karibu vifaa vyangu vyote Gerezani, pale kwenye maduka ya vifaa jirani na Kariakoo, na nimekaa navyo muda wa kutosha kujua kipi kinafanya kazi kila siku na kipi kinakaa kwenye boksi.

Grainda ya kawaida ilikuwa inaenda elfu 75 mpaka 90 nilipouliza. Ukishaichukua umebaki na nini? Bado hujanunua chuma, msasa, gundi wala miwani, na hapo hujahesabu mawe ya kusagia ambayo yanaisha kama karanga. Halafu kisu ni kitu chembamba, grainda ikigusa makali sekunde mbili tatu chuma kinapata moto, unaona rangi ya bluu inatokea, na pale penye bluu ugumu umeshaondoka, utanoa leo kesho ni butu. Tupa haina mambo hayo. Ni ya polepole kweli, mkono utauma, lakini unaona chuma kinavyotoka kidogo kidogo na unaweza kusimama kabla hujaharibu, na umeme ukikatika kazi inaendelea.

Sasa tupa ndiyo sehemu ya kuwa mkali unaponunua. Ukishuka kituo cha mwendokasi cha Gerezani ukaingia kwenye maduka ya vifaa utakuta tupa za kila bei, mpaka za buku nne. Mimi nilichukua bapa ya inchi 12 kwa 15,000 na nyingine ya nusu duara kwa 10,000, na hiyo 25,000 naihesabu kuwa ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote. Kabla ya kulipa itoe nje kwenye jua, iinamishe uangalie ncha za meno, kama zinametameta kwa juu ujue zimelika au hazikukatwa vizuri, meno makali hayarudishi mwanga. Pili nenda na kipande cha chupa mfukoni, pitisha kona ya tupa juu ya kioo, tupa iliyoiva inachora kioo bila shida. Kuna duka moja, sitalitaja, muuzaji alinisifia tupa yake iko kwenye pakiti nzuri sana, nikapitisha kwenye chupa haikuacha hata mstari, nikamrudishia. Alinuna lakini ndiyo biashara. Duka la tatu kutoka pale mzee mwenyewe alinipa kioo akasema jaribu mwanangu, na huyo ndiye niliyenunua kwake.

Ukifika nayo nyumbani ipake chaki, unga wa chuma hautaganda kwenye meno, sukuma mbele tu halafu inyanyue ukirudi, ukiiburuza kurudi nyuma unaua meno. Na brashi ya waya ya 3,000 usiiache.

Chuma chenyewe ndiyo rahisi kuliko kitu chochote. Wa skrepa atakuuliza unatengeneza nini, ukisema kisu wengine watakupa nondo wakikuambia hii ni ngumu balaa. Kataa. Nondo ina kaboni kidogo, hata ukiichoma na kuizamisha haiwi ngumu ya kukaa na makali. Unachotaka ni springi ya gari, zile za bapa za nyuma, na kwa anayetumia mkono uliza za kirikuu au pikapu ndogo kwa sababu za Fuso ni nene mno, utapiga tupa mpaka ukate tamaa. Zile nyembamba nilipata kwa kilo, kipande cha kutoa visu viwili hakikufika 10,000. Springi iliyotumika inaweza kuwa na ufa usioonekana, kwa hiyo isugue kutu yote, paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa mpaka ikauke halafu pakaza chaki nyeupe. Kama kuna ufa mafuta ya taa yatajitokeza taratibu kwenye chaki yanachora mstari mweusi, hapo kata sehemu hiyo utupe.

Lakini kwa kisu cha kwanza kabisa mimi nashauri panga chakavu. Jamani panga lililochoka linauzwa buku tatu mpaka tano, ni jembamba, ni chuma kizuri, na limeshapikwa kiwandani kwa ugumu ambao tupa bado inalila. Maana yake unakata umbo kwa msumeno wa chuma, unapiga tupa, unaweka mpini, na una kisu cha jikoni bila kuwasha moto wowote. Hakitakaa na makali kama springi iliyochomwa vizuri, ila kitakata nyanya na nyama, na utakuwa umejifunza umbo na mteremko wa makali kwa hela ya chai.

Springi ndiyo inahitaji moto. Kwanza ichome mpaka iwe nyekundu ya kung'aa halafu ifukie kwenye majivu makavu ilale humo, asubuhi itakuwa laini tupa inaila. Tengeneza kisu, toboa matundu, ndiyo urudi kwenye moto. Jiko la mkaa na draya ya nywele iliyozeeka vinatosha kwa kisu kifupi, puliza upande mmoja wa mkaa na usogeze kisu mbele nyuma kipate moto sawasawa. Kipimo ni sumaku, chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku inaacha kushika, ongeza moto kidogo tu kisha zamisha kwenye mafuta ya kula yaliyopashwa mpaka ya vuguvugu, ncha ikitangulia. Usitumie oili chafu ya gari, moshi wake ni sumu. Maji nayo yanaweza kupasua springi. Kikitoka pitisha tupa, ikiteleza bila kuuma kimeiva. Hapo kinakatika kirahisi kwa hiyo usikiangushe, kiweke kwenye oveni nyuzi 200 saa moja, kipoe, halafu saa moja tena. Fanyia nje, ndoo ya mchanga iwe karibu, watoto wawe mbali.

Mpini usinunue mbao dukani. Nenda Keko kwa mafundi wa fanicha uombe mabaki ya mninga, mara nyingi wanakupa bure au kwa jero. Ukitaka mpingo wachongaji wa vinyago wa Mwenge wana vipande vidogo wasivyovitumia, mpingo ni mzito unazama kwenye maji na ukisuguliwa unang'aa wenyewe bila vanishi, ila vumbi lake linawasha sana, barakoa ni lazima. Pini za kupigilia mpini, waulize wachomeleaji wa gesi wakuuzie fimbo moja ya brasi wanayochomelea, inakatwa vipande vya kutosha visu vingi. Gundi ya epoksi ya chupa mbili nililipa 8,000.

Huduma niliyoipenda Gerezani kuliko zote ni ya kutoboa. Usinunue drili. Kuna mafundi wana drili za kusimama, unampa kisu chako umekiwekea alama, matundu matatu kwa 2,000 na yamenyooka. Msumeno wa chuma na fremu 10,000, msasa wa maji namba 120, 240, 400 na 800 kama buku buku, klampu mbili 14,000, miwani 3,000, ukijumlisha na chuma na gundi unabaki chini ya laki na nauli ipo. Msasa huohuo ukiubandika kwenye kipande cha taili au kioo unanolea, kinoo kitakuja baadaye.

Gerezani naipa nne kwa tano. Nyota moja naiondoa kwa sababu bei ya kwanza huwa ya mgeni, hamna risiti kwa wengi, na ukirudisha kitu kibovu utazungushwa, ndiyo maana nasisitiza kujaribu palepale. Nenda asubuhi siku ya kazi, mafundi hawajabanwa na watakuelekeza vizuri.

Fuawe, lile chuma zito la kugongea, sahau kwa sasa, kwa njia hii hugongi chuma, unakikata na kukipiga tupa. Ukipata hela nyingine kitu cha kwanza kiwe vaisi nzuri ya kubana mezani, hata iliyotumika, kwa sababu klampu mbili zinashika ila kila ukigeuza kisu lazima ufungue zote. Baada ya hapo ndiyo grainda, na iwe ya kukatia springi tu, makali endelea kuyapiga tupa.